Kiatu Kipo, lakini Kipo kwa Nani?

Tujiulize: anayeshinda mbio ni mguu au ni kiatu?

Tarehe 24 Septemba 2023, huko Berlin, Tigist Assefa wa Ethiopia alimaliza marathoni kwa saa 2, dakika 11 na sekunde 53. Alivunja rekodi ya dunia ya wanawake kwa zaidi ya dakika 2. Raba zake za Adidas zilikuwa na gramu 138 tu kila moja, na jozi iliuzwa dola 500. Wengine wakasema, eti sasa wanaoshindana ni viwanda, siyo watu.

Mimi sikubali. Mwethiopia mwenzake, Abebe Bikila, alishinda Roma mwaka 1960 miguu mitupu, akashinda tena Tokyo mwaka 1964 amevaa viatu. Alikuwa Bikila yule yule. Kiatu hakiamki alfajiri kwenda mazoezini, bana.

Kinachonisumbua ni kitu kingine. Mwaka 2020 shirika la riadha duniani, World Athletics, liliweka sheria: kiatu cha mashindano kiwe kimeuzwa sokoni kwa miezi 4 kwanza. Yaani kikiwa dukani, haki imetendeka. Lakini hapa Bugeshi watoto wanakimbia na kandambili juu ya mawe ya volkano. Kwao kiatu cha dola 500 ni kama hakijatengenezwa. "Kipo" na "nakipata" ni mambo mawili. Nanyi mnaofanya kazi ya misaada mnalijua hilo: ripoti inasema huduma ipo, mama anarudi mikono mitupu.

Mtu ataniambia: hata ninyi wa milimani mna upendeleo, mapafu yenu yanazoea hewa nyepesi bila malipo. Kweli. Lakini mlima hakuna binadamu aliyeupanga. Sheria imepangwa na watu, na watu wanaweza kuipanga upya.

Mwaka 2016, timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki ilikwenda Rio na wanamichezo 10. Kati yao 5 walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini kutoka kambi ya Kakuma, Kenya. Tegla Loroupe na wenzake waliwafuata kambini, wakawajaribu mbio, wakawapeleka Ngong kufanya mazoezi. Hawakungoja waje wenyewe.

Kwa hiyo sisemi raba za kisasa zizuiwe. Nasema anayetangaza kwamba kitu kipo, atuambie pia kinamfikiaje aliye mbali.