Barua ya Benki Isiyotoka Benki

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, wizi ni dhambi ya kale, walakini kila zama huvaa nguo mpya. Mwizi wa zama za wazee wetu alikuwa akingoja usiku uingie, kisha akavunja mlango au akaruka ukuta wa uani. Mwizi wa leo hubisha hodi mchana, kwa adabu, akiwa na barua yenye alama ya benki, na mwenye nyumba ndiye amfunguliaye kwa mkono wake. Barua hiyo huja kwa njia ya barua-pepe, na nduguye mdogo huja kwa ujumbe wa simu. Twaona yatupasa kulieleza jambo hili, kwani linamkhusu mwenye duka wa Mwembe Tayari, na mama wa Mji wa Kale anayeweka fedha zake za Hija kidogo kidogo, na mwalimu wa chuo aliyekabidhiwa michango ya watu.

Barua yenyewe husemaje? Humwambia mtu kuwa hesabu yake ya benki imefungwa, na kwamba akitaka ifunguliwe abonyeze mahali fulani aandike namba zake kabla siku haijesha. Akibonyeza, hufunguka ukurasa wenye rangi ya benki yake, na jina lake, na alama yake. Huandika namba ya kadi na namba ya siri, akidhani anazungumza na benki, na hali kila anachokiandika chamfikia mwizi. Baada ya muda mchache hupigiwa simu na mtu mpole wa maneno, akaombwa namba ya mara moja ambayo benki imemletea katika simu yake. Akiitaja, amemkabidhi mwizi ufunguo wa mwisho.

Jina la Kiingereza la hila hii limetokana na uvuvi wa ndoana, na lilianza kutumika Marekani katika miaka ya 1990, kwa watu waliokuwa wakiiba namba za siri za wateja wa kampuni ya America Online. Na sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa uvuvi. Samaki hanasi kwa ndoana aionayo, hunasa kwa chambo. Na chambo cha wezi hawa ni cha namna mbili: khofu na tamaa. Ama uambiwe fedha zako zitapotea, ama uambiwe umepata zawadi usiyoitolea jasho. Kisha huongezwa haraka, ili usipate nafasi ya kumuuliza mwanao wala jirani yako.

Kumbukeni kisa cha Nabii Yusuf (a.s.). Ndugu zake walimrudia baba yao usiku na machozi machoni, na mkononi wana kanzu yenye damu ya uwongo. Walikuwa na kilio, na ushahidi walikuwa nao. Pamoja na hayo, Nabii Yaakub (a.s.) hakuwasadiki. Wafasiri wametaja kuwa aliitazama ile kanzu akaiona nzima, haikuraruka, akastaajabu ni mbwa mwitu gani huyu amlaye mtoto asiipasue nguo yake.

Basi alama ya benki ni kama ile damu: yeyote aweza kuipaka. Lenye kutazamwa ni kanzu. Tazama anwani iliyoleta barua. Mara nyingi utaona jina la benki limezidishwa harufi moja, au limetangulizwa na nyuma yake pana jina jengine kabisa. Na hata anwani ikionekana safi, usipite katika mlango uliofunguliwa na barua, kwani anwani nayo yaweza kughushiwa. Nenda mwenyewe katika tawi la benki yako, au piga namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yako, uulize. Na lijue hili moja kwa yakini: benki haina haja ya kukuuliza namba yako ya siri. Mwenye kukuuliza ni mwizi, hata akilijua jina lako kamili na jina la babu yako.

Wanazuoni wetu hawakuipokea hadithi kwa uzuri wa maneno yake. Waliuliza: umeipokea kwa nani, na huyo ameipokea kwa nani? Ikiwa katika isnadi pana mtu asiyejulikana, hadithi huhisabiwa dhaifu, hata maneno yake yakiwa matamu kama asali. Na katika Suratul-Hujurat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu ametuamuru kwamba tukijiwa na fasiki na khabari tuichunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukabaki na majuto. Vipi basi umma uliofundishwa elimu ya isnadi humkabidhi mtu asiyejulikana akiba ya miaka kumi, ati kwa sababu ameandika vizuri?

Wala asidhani mtu kuwa balaa hili huwapata wasiosoma peke yao. Mwezi wa Februari 2016 wezi walijaribu kuchukua karibu dola milioni 951 za Benki Kuu ya Bangladesh zilizokuwa New York. Njia yao ilianza kwa barua-pepe zilizojifanya ni za mtu anayeomba kazi, na wafanyakazi wa benki wakazifungua. Dola milioni 81 zilifika Ufilipino na nyingi yake haikurudi. Walakini dola milioni 20 zilizokuwa zikienda Sri Lanka zilizuiliwa, kwa kuwa jina la mpokeaji lilikuwa na neno lililokosewa harufi zake, na watu wa benki wakasimama wakauliza. Tazameni basi: kufungua bila ya kuuliza kulileta khasara ya mamilioni, na swali moja likaokoa mamilioni.

Hapa kwetu Kenya, ambako M-Pesa ilianza mwaka 2007, mwizi hata hana haja ya barua-pepe. Hukuletea ujumbe kuwa umetumiwa fedha, kisha akapiga simu akilia kuwa amekosea namba, umrudishie. Hapa chambo ni huruma yako. Tazama salio lako kwanza. Ikiwa fedha hazimo, ujumbe ni wa uwongo. Upeleke kwa namba 333 ya Safaricom, bila ya malipo. Na ikiwa zimo, usizirudishe kwa mkono wako, ela umwambie aliyekosea aupeleke ujumbe wake wa M-Pesa kwa namba 456, fedha zirudishwe kwa njia yake. Kufanya hivyo si ukatili.

Atasema mwenye kusema: "Riziki ni ya Mungu, kilichoandikwa kuibiwa kitaibiwa." Twamjibu kuwa mtu alipomuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, alimwamrisha amfunge kisha atawakali. Namba ya siri ndiyo kamba ya ngamia wako. Na huenda ngamia huyo si wako peke yako. Mshika fedha za chama, za madrasa au za mayatima akiitoa namba hiyo kwa uzembe, amepoteza amana, na ataulizwa.

Na wako wengine ambao wakiisha kuibiwa hukimbilia kwa mganga atazame bao, au hukusanya watu wasome Halbadiri mwizi adhurike. Mganga huyo naye hula shilingi zilizobaki. Na zaidi ya hayo, saa wanazozipoteza huko ndizo saa ambazo benki ingeweza kuzuia fedha zisitoke. Ukifikwa, piga simu benki dakika ile ile hesabu ifungwe, badilisha namba zako, kisha upeleke khabari polisi. Wala usinyamaze kwa haya. Aibu ni ya aliyeiba, na ukimya wako humwachia mwizi aende nyumba ya pili kwa barua ile ile.

Linabaki neno moja, nalo ni zito. Wezi hawa si wageni wote. Wamo vijana wetu waliosomeshwa, wajuao kuandika barua nzuri. Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni alitia mkono katika chungu ya nafaka akakuta umande ndani, ilhali juu ni kavu, akamlaumu muuzaji, akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo katika njia yake. Ikiwa hayo ni kwa nafaka iliyolowa mvua, itakuwaje kwa barua ambayo yote ni ghushi? Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 iliiwekea hila hii faini isiyozidi shilingi 300,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au yote mawili. Hiyo ni hisabu ya duniani. Toba ya mali ya watu haitimii ela kwa kuirudisha, na vipi atairudisha asiyewajua hata aliowaibia?

Nanyi wazazi, mtoto asiye na kazi akileta nyumbani simu mpya na mikoba iliyojaa, msishukuru kabla ya kuuliza. Twauliza samaki amevuliwa lini kabla hatujamnunua. Basi tuulize na shilingi imetoka wapi kabla hatujaila.

Twamwomba Mwenyezi Mungu ailinde mali yetu na khiyana, na azilinde nyoyo zetu na tamaa. Wabillahi tawfiq.