Kupima Damu ya Mtoto Mahututi: Je, Ni Kukosa Imani?

Somo: Yohana 9:1-7

Mchungaji ameniomba niandike juu ya lile swali lililotugawa mwaka jana, ambalo bado watu wananiuliza nikienda kuteka maji ama nikikutana nao soko ya Isiolo. Naandika kama nyanya, sio kama daktari. Na naanza kwa kuungama, kwa sababu kosa la kwanza lilikuwa langu.

Mke wa kijana wangu alikuwa amezaa watoto wawili, na wote walikufa kabla ya kumaliza mwezi. Walizaliwa wakilia vizuri, wakanyonya, halafu siku ya tatu ama ya nne wakalegea na kukataa titi. Wa tatu alipoanza vivyo hivyo, nilimwita yule msichana kando nikamuuliza, "Mwanangu, kuna kitu hujatubu?" Hakunijibu. Aliniangalia tu, mtoto akiwa mapajani. Hilo ndilo neno nililompa saa ile, mimi mama wa maombi wa miaka mingi.

Tulikodi gari usiku tukatoka Gotu na vumbi yetu mpaka Isiolo. Kutoka huko mtoto akapelekwa hospitali kubwa zaidi, kwa wodi ya watoto wachanga mahututi. Wakamwekea oksijeni, dripu na dawa ya kuua viini. Baada ya siku mbili daktari akatuita. Akasema vipimo vya kawaida havionyeshi kitu, lakini kwa vile huyu ni wa tatu, anashuku ni ugonjwa wa kurithi. Kuna kipimo cha jeni. Damu kidogo itatumwa nje ya nchi, jibu litachukua wiki kadhaa, na pesa ni nyingi. Hakutuficha: jibu linaweza kukosekana, na hata likipatikana, huenda ugonjwa wenyewe hauna dawa.

Kanisa lilikuwa limeshachanga. Kuna mtu aliuza mbuzi. Ndipo wazee wakakaa na swali: hii pesa ni ya kutibu ama ni ya kujua? Mzee mmoja akasema, "Kwani tukijua jina la ugonjwa mtoto atapona? Mungu anamjua tayari." Mwingine akasema kupima ni kukosa imani. Halafu mama mmoja akasimama akasema neno lililotunyamazisha wote: "Kuna mtoto mwingine hapa hapa anayehitaji nauli ya kliniki tu. Yeye je?"

Tangu siku hiyo nimeyageuza hayo maneno matatu moyoni.

La kwanza: Mungu anajua tayari. Amina, anajua. Lakini sisi hatujui, na sisi ndio tunamlisha mtoto. Kuna ugonjwa wa kurithi unaoitwa galaktosemia. Mwili wa mtoto hauwezi kutumia sukari iliyo ndani ya maziwa, hata maziwa ya mama yake. Kila akinyonya, ini lake linaumia. Msaada wa kwanza ni kuacha hayo maziwa na kumpa chakula kisicho na sukari hiyo. Sasa mfikirie mama anayeomba usiku kucha huku akimpa mtoto titi, na titi ndilo linamdhuru. Upendo wake hauna kasoro, wala imani yake. Kinachokosekana ni kujua. Sisemi magonjwa yote ya kurithi yako hivyo. Mengi hayana tiba mpaka leo. Lakini mtoto wako yuko kundi gani? Huwezi kusema kama hujapima.

La pili: kupima ni kukosa imani. Hapa ndipo nataka turudi kwa Yohana 9. Wanafunzi walipomwona yule kipofu tangu kuzaliwa, walitaka kujua ni dhambi ya nani, yake ama ya wazazi. Bwana alikataa hilo swali kabisa. Halafu akainama, akatengeneza tope kwa mate, akampaka macho, akamtuma aende akanawe Siloamu. Kumbe kuna kujua kwa namna mbili. Kuna kutafuta wa kulaumiwa, na kuna kutafuta la kufanya. Yesu aliacha la kwanza akashika la pili.

Na mimi nilikuwa upande gani? Nilisema sitaki kupima, lakini nilikuwa nimeshapima. Nilipima roho ya mke wa kijana wangu bila sindano na bila maabara, na nikatoa jibu siku hiyo hiyo. Daktari aliyesema "sijui bado, tuangalie" alikuwa mnyenyekevu kuniliko.

Maarifa haya yenyewe ni mageni. Kazi ya kusoma jeni zote za binadamu ilianza mwaka 1990 na ikatangazwa kukamilika 2003, miaka 13. Mwaka 2012, huko Kansas City, Marekani, timu ya Daktari Stephen Kingsmore ilionyesha kwamba jeni za mtoto mahututi zinaweza kusomwa na kuchambuliwa kwa saa 50 hivi. Hata huko, watoto wengi hupimwa na jibu lisionekane. Na kwetu Waafrika ni vigumu zaidi, kwa sababu rekodi nyingi wanazolinganisha nazo ni za watu wenye asili ya Ulaya. Kwa hivyo hiki kipimo sio mungu, na tusikichukue kama unabii. Ni taa tu, na saa zingine inawaka hafifu.

La tatu: yule mtoto wa nauli. Huyo mama alisema haki. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Kenya, 21 wanakufa kabla ya mwezi mmoja. Wengi wao hawauawi na jeni. Wanakufa kwa kuzaliwa kabla ya wakati, kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na kwa maambukizi. Hao wanahitaji mkunga aliyesomea, joto la kifua cha mama, oksijeni, na gari ya kufika kwa wakati. Kanisa likikimbilia kipimo cha mbali na kuruka nauli ya karibu, limepotea. Kwa hivyo tulikubaliana: nauli ya yule mtoto itoke kwanza. Iliyobaki ikaenda kwa kipimo, na kijana wangu akauza pikipiki yake kujazia.

Mjukuu wangu alienda kwa Bwana siku ya tisa. Jibu lilikuja tukiwa tumeshamzika.

Najua mtasema, basi pesa ilipotea. Ngojeni. Daktari alituketisha akaeleza kwamba baba amebeba jeni moja yenye kasoro na nyingine nzima, na mama vivyo hivyo. Wenyewe hawaugui, na hawangeweza kujua. Mtoto akipata ile mbovu kutoka pande zote mbili, anaugua. Ni nafasi moja kati ya nne, na hesabu inaanza upya kila mimba. Akasema inaelekea wale wawili wa kwanza walikufa kwa ugonjwa huo huo.

Seli mundu inarithiwa hivyo hivyo. Utafiti wa Uganda uliochapishwa 2016 ulipima damu ya watoto wadogo zaidi ya 97,000, na zaidi ya 13 katika kila 100 walikuwa wamebeba hiyo jeni moja. Na Daktari Anthony Allison, aliyelelewa hapa Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba jeni hiyo ikiwa moja inamkinga mtu na malaria kali. Je, tutaiita laana? Zikiwa mbili ni ugonjwa, ikiwa moja ni ngao. Tuwe polepole sana kutaja laana, wapendwa.

Daktari alipomaliza, mke wa kijana wangu aliniuliza mbele yake, "Mama, kwa hivyo sio mimi?" Nilipiga magoti pale sakafuni nikamwomba msamaha. Kama hiyo pesa ilinunua jibu la swali hilo peke yake, mimi sioni ilipotea. Watoto watatu ameomboleza, na wote aliwaomboleza kama mshtakiwa.

Lakini jibu nalo lina mzigo wake. Sasa wanajua ile moja kati ya nne, na wakilala usiku wako nayo. Dada za kijana wangu wanajiuliza kama wao pia wamebeba. Na kuna jamaa amethubutu kumwambia kijana atafute mke mwingine, yaani amechukua taa akaifanya jiwe la kurushia mtu. Ndiyo sababu nasema jibu la kipimo ni la wazazi. Sio la madhabahu, sio la kikundi cha akina mama, sio la jamaa. Hata haya nimeyaandika kwa ruhusa ya wote wawili, na jina la ugonjwa nimeacha kwao. Kama watajaribu tena kupata mtoto ama hawatajaribu, sitawauliza.

Someni 2 Samweli 12. Daudi alifunga akaomba siku zote mtoto alipokuwa mgonjwa, na alipokufa akainuka, akanawa, akaenda nyumbani mwa Bwana kuabudu. Hakusema maombi yalikuwa bure. Sisi pia tuliomba, na tulipima, na tulizika. Hakuna hata moja kati ya hayo ninalojutia. Ninalojutia ni lile swali.

Kwa hivyo, mpendwa, ukisikia mtoto amelazwa, beba uji, beba nauli, ukae na mama yake. Swali lako uliache mlangoni.

Tuombe: Baba, utupe imani ya kukuomba, hekima ya kutafuta, na midomo isiyohukumu. Katika jina la Yesu. Amina.