Jina na Kipande cha Ngozi

Jumamosi moja, katika mafundisho hapa Bunia, tulikuwa tukiwaeleza watoto jinsi Adamu alivyowapa wanyama majina. Mtoto mmoja alikuwa na noti ya franka 1000 mkononi, maana mama yake alimtuma apitie sokoni kununua chumvi. Akaitazama picha ya okapi iliyo kwenye noti, akauliza: “Mwalimu, huyu naye alipewa jina na Adamu, ama na Wazungu?” Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa jibu hatukuwa nalo. Tukamwambia angoje hata Jumamosi ya pili. Jibu tulilolitafuta juma lile ndilo tunalowaletea leo, ndugu wasomaji, kwa sababu tumeona kwamba swali lile si la wanyama tu. Latuhusu na sisi watu.

Okapi ni mnyama wa kwetu. Siku hizi haonekani akiishi porini katika nchi nyingine yoyote ila Kongo. Wambuti walimjua tangu kale: walijua majani anayoyala, njia anazozipita, na namna ya kumtega. Lakini katika vitabu vya Ulaya hakuwamo. Stanley, katika kitabu chake cha mwaka 1890, alitaja kwa maneno machache tu kwamba Wambuti wanamjua mnyama anayefanana na punda. Baadaye akatokea Sir Harry Johnston, mjumbe wa serikali ya Uingereza katika Uganda. Kulikuwa na Mjerumani mmoja aliyewakamata Wambuti kadhaa ili awapeleke Paris, wakatazamwe na watu kwenye maonyesho makubwa ya mwaka 1900. Johnston aliwatoa mikononi mwake, akawarudisha kwao Kongo. Akawauliza habari za yule punda wa mwituni, nao wakamweleza.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Walipofika msituni, Johnston alionyeshwa nyayo, akaambiwa: Hizi ndizo nyayo zake. Nyayo zilikuwa za kwato zilizopasuka, kama za ng'ombe. Johnston akakataa kusadiki. Yeye alikwisha kusema moyoni kwamba mnyama huyu ni wa jamaa ya punda na farasi, na punda hana kwato zilizopasuka. Basi wenyeji walisema kweli, na kweli yenyewe ilikuwa imechapwa ardhini mbele ya macho yake, lakini hakuiona. Jina alilokwisha kulitia moyoni lilimfumba macho.

Katika kituo cha Mbeni, karibu na mto Semliki, alipata vipande viwili vya ngozi yenye milia, ambavyo askari walikuwa wamevifanya mikanda. Akavipeleka London. Mwenye elimu ya wanyama aliyeitwa Sclater akavitazama, akaona milia, akafikiri punda milia. Mwaka 1901 likachapwa jina *Equus johnstoni*, maana yake farasi wa Johnston. Mnyama mzima akapewa jamaa na ukoo kwa kutazama mikanda miwili ya askari!

Mwaka ule ule wa 1901 ikafika ngozi nzima pamoja na mafuvu mawili ya kichwa, yaliyopatikana kwa msaada wa Eriksson, Mswidi aliyekuwa afisa katika utumishi wa Kongo. Hapo wakaona meno, wakaona kwato, wakafahamu kwamba huyu si punda wala farasi. Jamaa yake ni twiga. Mtaalamu Ray Lankester akamtungia jina jipya la ukoo, *Okapia*, kutoka katika neno la watu wa msituni wenyewe.

Yafaa tueleze kidogo desturi ya wataalamu hawa, maana ina mafundisho. Kila kiumbe hupewa majina mawili: la kwanza ni la ukoo, la pili ni la aina yake. Anayempa kiumbe jina hana budi kumweleza kwa maandishi yaliyochapwa, aonyeshe ni kwa alama gani anatofautiana na jamaa zake. Tena huwekwa kielelezo kimoja katika nyumba ya makumbusho, yaani ngozi, au fuvu, au ndege aliyekaushwa, ili kila mwenye shaka aweze kwenda kukitazama na kupima kama maneno ni ya kweli. Na jina lililotangulia kutolewa kwa haki ndilo linaloshika, hata kama aliyekuja nyuma angependa lingine.

Lakini kosa likionekana, je? Husahihishwa, wala halifichwi. Ukiona leo jina la okapi limeandikwa kwa ukamilifu, utakuta hivi: *Okapia johnstoni* (Sclater, 1901). Jina la Sclater limetiwa ndani ya mabano. Mabano yale hayakuwekwa kwa mapambo. Maana yake ni kwamba mtu huyu ndiye aliyeipa aina hii jina kwanza, lakini ukoo aliomtia sio unaotumika sasa, wengine wamemhamisha. Sisi Wakatoliki tungeweza kusema kwamba mabano yale ni maungamo madogo, yanayosomwa hadharani kila mara jina linapoandikwa. Na mtu mwenyewe hakufutwa. Kosa lake lasahihishwa, heshima yake yabaki.

Msitu wetu una hadithi nyingine, ya mtu aliyengoja. Mwaka 1913 Mwamerika James Chapin alikuwa Avakubi, kando ya mto Ituri. Aliona unyoya katika kofia ya mtu mmoja wa pale, unyoya ambao hakuweza kuujua ni wa ndege gani. Aliujua karibu kila ndege wa nchi ile, lakini huu ulimshinda. Hakumpa jina mwenye unyoya asiyemwona. Aliuchukua akautunza. Ikapita miaka 23. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, akawaona ndege wawili waliokaushwa, wamewekwa kando juu ya kabati. Kibandiko chao kilisema ni tausi wachanga wa Kihindi walioletwa kutoka nje. Chapin akaukumbuka unyoya wa Avakubi. Kumbe hawakuwa wachanga, wala hawakuwa wa Kihindi: walikuwa tausi wa Kongo, ambao wataalamu hawakuwa wakijua kabisa kwamba wapo. Ndipo akamweleza ndege huyo na kumwita *Afropavo congensis*. Ndege wale walikuwa ndani ya nyumba ya wenye elimu siku zote, lakini kibandiko kibaya kiliwaficha kuliko msitu ulivyomficha ndugu yao.

Labda mtu atasema: Haya ni mambo ya punda na tausi, sisi Wakristu yatuhusu nini? Tumjibu. Aliyeanzisha desturi hii ya majina mawili ni Mswidi Carl Linnaeus, katika kitabu chake cha mimea cha mwaka 1753 na kile cha wanyama cha mwaka 1758. Alikuwa mtu mwenye macho makali. Angeweza kuyahesabu mashina madogo ndani ya ua na kusema ni la jamaa gani. Na katika kitabu kile kile cha 1758 aliwaandika wanadamu wote kuwa aina moja, *Homo sapiens*, na hapo alisema kweli. Lakini aliendelea akawagawa kwa mabara. Mtu wa Ulaya akamwandika kuwa mwerevu na mvumbuzi. Mtu wa Afrika akamwandika kuwa mvivu, mwenye hila na mzembe. Linnaeus hakukanyaga Afrika hata siku moja. Ua alilipima petali kwa petali; mwanadamu akampima kwa masimulizi ya wasafiri. Kibandiko chake kikasomwa na wengi kwa miaka mingi, na watu wakatendewa sawasawa na kibandiko.

Je, sisi tu wema kuliko Linnaeus? Ndugu wasomaji, tuseme kweli. Sisi tunaoandika haya tulikuwa watoto wakati Ituri ilipowaka moto, tangu mwaka 1999 hata 2003 na baadaye. Tuliona watu wakisimamishwa njiani. Hawakuulizwa jina la ubatizo wala kazi yao. Walitazamwa pua, walitazamwa urefu, walisikilizwa namna wanavyotamka neno moja, kisha wakapewa jina. Na jina lile liliamua nani apite na nani asipite. Kipande cha ngozi! Sclater alikosea kwa vipande viwili vya ngozi, na okapi hakudhurika. Sisi tulikosea namna ile ile, na makaburi yapo. Na hata leo, ambapo amani haijatimia, wako wanaosikia jina la ukoo wa mtu na kudhani wamekwisha kuijua roho yake.

Wengine husema: Basi tuache majina yote, tusimwite mtu kitu chochote. Hapana, hiyo siyo dawa. Kabila si dhambi, na jina la wazee wetu si la kuonea haya. Tena kisicho na jina hakilindwi. Kwa kuwa okapi alijulikana na kuandikwa, serikali iliweza mwaka 1992 kutenga sehemu kubwa ya msitu wa Ituri kwa ajili yake na viumbe wenzake, na mwaka 1996 hifadhi ile ikahesabiwa katika urithi wa dunia. Mtoto naye asipoandikwa kwenye kitabu cha serikali, hupata taabu akitaka haki zake. Jina ni jambo jema. Lakini jina peke yake halitoshi: Juni 2012 watu wenye silaha waliishambulia Epulu, wakaua watu, wakaua na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale. Wauaji walilijua jina la okapi vizuri kabisa. Walichokosa ni heshima kwa mwenye jina.

Turudi kwa Adamu, maana mtoto wetu angali akingoja. Soma polepole sura ya pili ya kitabu cha Mwanzo, uone mpango wake. Kwanza Mungu aliumba. Kisha akawaleta wanyama mbele ya mtu. Mtu akawatazama, mmoja mmoja. Mwisho ndipo akawapa majina. Adamu hakuwapa majina akiwa amelala, wala kwa habari za kusikia, wala kwa mkia uliookotwa njiani. Tena alipowaita hawakuwa wake: walikuwa wa Yule aliyewaleta. Anayetoa jina hapati umilki; apata wajibu wa kutazama vema, na wa kutunza.

Jumamosi ya pili tulimjibu mtoto hivi: “Mungu alimjua okapi kabla ya wote. Wambuti wakamjua baada yake, wakamwita. Wazungu wakaja nyuma, wakakosea kwanza, kisha wakajisahihisha, na neno la Wambuti likaingia katika jina lake.” Mtoto akafikiri kidogo, akauliza tena: “Na yule aliyekosea, aliomba radhi?” Tukamwonyesha yale mabano ubaoni.

Basi, wasomaji wapenzi, tunawaombeni jambo dogo la kufanya juma hili nyumbani na sokoni. Kila mmoja wetu ana jirani ambaye amekwisha kumbandika jina moyoni: mchawi, mwizi, adui, watu wa kule. Tujiulize: jina hili nilimpa kwa kumwona mtu mzima, ama kwa kipande cha ngozi? Nilipoonyeshwa nyayo zake za kweli, nilisadiki, ama nilikataa kama Johnston? Na ikiwa tumekosea, tusione haya kutia mabano. Tumwendee, tumsalimu kwa jina lake mwenyewe, lile aliloitwa na mama yake, na tukae naye muda wa kutosha kumjua.