Je, Kisichotazamwa Hakina Thamani?



Katika Ziwa Kivu, ndani ya mbuga ya Virunga, kiko kisiwa cha Tchegera. Ni ukingo wa mdomo wa volkano ya kale, umepinda kama hilali. Wageni walikuwa wakienda kwa mashua, wakilala siku moja au mbili, wakitazama ndege wa majini na mlima Nyiragongo. Mwaka 2018 mbuga ilifungwa kwa wageni kwa ajili ya usalama, hadi 2019. Je, ndege wale walipungukiwa na thamani kwa kukosa watazamaji? Hasha! Hawakuumbwa kwa ajili ya macho yetu.

Basi tujiulize sisi wa Kolwezi. Hakuna mgeni anayevuka nchi kuja kutazama samaki wa Lualaba wala ziwa la Nzilo. Je, hiyo ni ruhusa ya kumwaga humo mafuta machafu ya gari na matope ya kuoshea madini? Najua, wako wanaoosha madini ili watoto wapate kula. Lakini walio chini ya mto nao wana watoto, na wanateka maji hayo hayo. Ndugu yangu, amana hujulikana pasipo na shahidi. Mtoni hakuna mtalii, lakini Muumba anaona.

Wabillahi tawfiq.