Mama Si Shamba

Hapa Gisenyi, tukikaa na vijana na kugusa habari ya watoto waliozaliwa kwa ubakaji wa vita, neno moja linarudi kila mara: "Mutoto ni wa baba. Mama ni shamba tu." Anayelisema mara nyingi hana ubaya, amelikuta kwa wazee. Lakini ndilo linalofanya mtoto wa miaka sita aitwe mtoto wa adui na watu anaokula nao sahani moja.

Lugha yetu yenyewe inatusukuma huko. Tunasema mbegu za kiume, na mbegu inahitaji udongo tu. Sasa tuangalie yai linafanya nini. Mayai ya mwanamke yanatengenezwa yeye akiwa bado tumboni mwa mama yake. Kwa hiyo yai lililokutoa wewe, bibi yako alishalibeba. Likikomaa, linasimama katikati ya kugawanyika, linangoja. Mbegu ikiingia inaleta protini fulani, ambayo watafiti wa Cardiff, kule Wales, waliitambua mwaka 2002. Protini hiyo inabisha hodi tu. Anayeitika ni kalsiamu, na kalsiamu hiyo haikuja na mbegu, ilikuwa imewekwa akiba ndani ya yai. Akiba inafunguka, wimbi linapita yai zima, linatulia, linarudi tena. Kwa panya, ambao wamechunguzwa sana, mawimbi hayo yanaendelea saa kadhaa. Kwa nguvu yake yai linazuia mbegu nyingine zisiingie, linamaliza kugawanyika, na safari ya kiinitete inaanza.

Udongo gani unafanya hivyo?

Basi mtoto ni wa mama peke yake? Hapana. Yai la panya linaweza kuamshwa kwa kemikali bila dume, na kiinitete kikaanza kweli, lakini kikiachwa hivyo kinakufa kabla ya kuzaliwa, juu kimekosa sehemu ya baba. Sehemu ya baba ipo, tusidanganyane. Ila hakuna protini inayobeba kosa. Kubaka ni tendo la mtu mzima aliyechagua, na lilibaki kwake.

Kuna wengine, hata ninyi ndugu zetu wa mashirika, mnaogeuza habari hii upande wa pili: "Mama, ni damu yako, umpende." Hilo nalo silikubali. Yai liliitika bila mwenyewe kuulizwa, kama vile yeye mwenyewe hakuulizwa usiku ule. Ndiyo maana sasa lazima aulizwe, na jibu lake lipokelewe, hata likiwa gumu. Sheria ya Rwanda ya 2018 inamruhusu mwanamke aliyebakwa kutoa mimba kwa daktari, na haidai tena kibali cha korti kama ilivyokuwa zamani. Dada wengi kambini hawajawahi kuambiwa. Wengine watachagua kuzaa, na hao wanatuhitaji siku mtoto atakapouliza yeye ni wa nani.