Kijana Akiuliza Habari za Kabila

Kijana wa Kasulu akiuliza kama Mrundi aliyekimbilia Nyarugusu ni Mhutu au Mtutsi, usimnyamazishe. Atakwenda kuuliza njiani, na huko wajuzi hawakosekani! Mweleze kwamba wote wawili husema lugha moja, iliyo karibu mno na Kiha chake. Na kwamba Heru ya Kasulu na Muhambwe ya Kibondo zilitawaliwa na Wami wa ukoo wa Kitutsi, mpaka uchifu ulipofutwa mwaka 1963. Usimfiche ya Rwanda: kabila ambalo Wabelgiji waliliandika katika vitambulisho miaka ya 1930 ndilo lililotazamwa vizuizini mwaka 1994, mtu akauawa. Naye akiuliza, "Basi sisi Waha tu nani?" keti naye, hilo ni swali la jioni nzima.