Ushauri Nasaha Mfupi na Uhuru wa Mnywaji

Ushauri nasaha mfupi ni mazungumzo ya kikao kimoja au viwili baina ya mshauri na mtu anayekunywa pombe kwa namna inayomhatarisha, ingawa bado hajawa mraibu. Katika vyuo vikuu, mlengwa ni mwanafunzi anayehudhuria vipindi na kufaulu mitihani, lakini wikiendi, au bumu (fedha za mkopo wa wanafunzi) likiingia, hunywa hadi asikumbuke alivyorudi hosteli. Mshauri hamwamuru aache. Humwonyesha hali yake, humuuliza anaionaje, kisha humwachia uamuzi. Hapo huzuka swali la kimaadili: kumwachia mtu uamuzi juu ya jambo linalomdhuru ni kumheshimu au ni kumtelekeza? Jibu lake linategemea namna unavyoeleweka udhaifu wa nia, mipaka ya uhuru na wajibu wa binadamu kwa mwenzake.

Kazi huanza kwa kupima. Chombo kinachotumika sana ni dodoso la AUDIT, lililotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1989 kutokana na utafiti wa nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo. Lina maswali 10, na alama zake ni kuanzia 0 hadi 40. Kwa mwongozo wa shirika hilo, alama 8 hadi 15 huhitaji nasaha rahisi, 16 hadi 19 ushauri mfupi na ufuatiliaji, na kuanzia 20 mtu hupelekwa kwa mtaalamu wa uraibu. Swali la tatu huuliza ni mara ngapi mtu hunywa vipimo sita au zaidi kwa mkao mmoja. Kipimo kimoja huhesabiwa kuwa gramu 10 za alkoholi halisi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20, yaani vipimo viwili. Kwa hiyo mwanafunzi anayesema amekunywa “bia tatu tu” amekwisha kufika vipimo sita. Hesabu hiyo ikifanywa mbele yake kwa kalamu na karatasi, anapata jambo la kulitafakari bila yeyote kumwita mlevi.

Mfano unaojulikana zaidi wa ushauri huu vyuoni ni programu ya BASICS, iliyobuniwa na Alan Marlatt na wenzake katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani. Ina vikao viwili vya takriban dakika 50 kila kimoja. Katika kikao cha kwanza mwanafunzi hueleza unywaji wake. Katika cha pili huonyeshwa takwimu zake kando ya zile za wanafunzi kwa jumla, kwa kuwa wengi hudhani wenzao wanakunywa zaidi kuliko hali halisi. Mtindo wa mazungumzo umetokana na kazi ya William Miller na Stephen Rollnick: mshauri huuliza maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo au hapana, husikiliza, hueleza upya alichosikia, na hukwepa mabishano. Njia hii haiishii vyuoni. Mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC, ushauri wa aina hii umeandaliwa kwa ajili ya majeruhi wanaokunywa pombe, kwa jina la Punguza Pombe Kwa Afya Yako.

Swali la kwanza la kifalsafa ni la kale. Kwa nini mtu anayejua kwamba pombe inamuumiza aendelee kunywa? Socrates, kama Plato anavyomweleza katika Protagoras, alishikilia kwamba hakuna atendaye ubaya kwa kujua. Anayekosea hajajua vya kutosha. Ingekuwa hivyo, mhadhara mmoja mzuri kuhusu maradhi ya ini ungemaliza kazi. Aristotle aliona vingine. Katika kitabu cha saba cha Maadili ya Nikomako alieleza kwamba mtu aliyezidiwa na tamaa anao ujuzi, ila kwa wakati huo anao kama mlevi au aliyelala: huweza kutamka maneno ya kweli yasimwongoze. Ushauri mfupi unakwenda na ufahamu huo. Mwanafunzi hashauriwi baa saa tano usiku. Hushauriwa akiwa timamu, na hapo hupanga mapema atatoka na fedha kiasi gani, atakula nini kabla, ataishia chupa ya ngapi na atarudi na nani. Akili iliyo macho hutangulia kuamua kwa ajili ya saa itakapozidiwa.

Aristotle huyo huyo aliunga mkono sheria ya kumwongezea adhabu aliyekosa akiwa amelewa, kwa kuwa kulewa au kutokulewa kulikuwa katika uwezo wake. Hoja hiyo bado ina uzito. Kumsikiliza mnywaji bila kumlaumu hakumwondolei wajibu. Kunamrudisha pale wajibu wake unapoanzia, kabla ya chupa ya kwanza.

Swali la pili ni la uhuru. Mitazamo miwili imezoeleka. Mmoja husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kwa hiyo kijana aonywe kwa ukali au afukuzwe chuo. Mwingine husema sikio la kufa halisikii dawa, kwa hiyo aachwe. Yote miwili humwona kijana kama mtu asiye na chochote ndani yake cha kumrudisha. Miller alibaini kinyume: mnywaji mara nyingi ana nia mbili, na akisukumwa kwa nguvu huanza kuitetea pombe, lakini akiulizwa kwa utulivu huzitaja mwenyewe sababu za kubadilika.

John Stuart Mill, katika kitabu chake kuhusu uhuru cha mwaka 1859, alitoa mfano wa mtu anayetaka kuvuka daraja lisilo salama. Ikiwa kuanguka si hakika, ila ni hatari tu, mtu mzima mwenye akili timamu aonywe, asizuiwe. Ushauri mfupi ni onyo la namna hiyo. Hata hivyo Mill aliweka mpaka: aliyewahi kuwafanyia wengine ukatili kwa sababu ya ulevi anaweza kuwekewa masharti maalumu. Mwanafunzi anayempiga mwenzake chumbani au kuendesha gari akiwa amelewa ametoka katika uamuzi unaomhusu yeye peke yake, na chuo kina wajibu wa kuwalinda wanaoumizwa.

Swali la tatu ni la dini. Uislamu umeharamisha pombe. Kwa Muislamu, neno “punguza” linaweza kuonekana kama kuihalalisha haramu. Wafasiri wa Qurani hata hivyo hueleza kwamba katazo lilishuka kwa hatua: Sura Al-Baqara ilipima madhara na manufaa, An-Nisaa ikakataza kusali katika hali ya ulevi, na Al-Maida ikafunga mlango kabisa. Hukumu inayofuatwa ni hiyo ya mwisho. Kinachobaki kuwa funzo ni malezi: watu waliozoea pombe waliongozwa hadi ukomo kwa kuelimishwa na kupewa nafasi ya kugeuka. Ukristo hauna sauti moja. Wakatoliki hutumia divai katika Misa na hufundisha fadhila ya kiasi, huku Waadventista Wasabato wakihimiza kujiepusha kabisa. Ushauri mfupi hauhukumu kati ya mafundisho haya. Mwanafunzi akisema imani yake inamtaka aache, hilo huwa lengo lake, na mshauri humsaidia kulifikia. Anayepunguza leo hajaambiwa kwamba kilichobaki ni chema. Amesaidiwa kuchukua hatua aliyo tayari kuichukua.

Njia hii ina mipaka. Utafiti wa Seattle uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba wanafunzi waliopata ushauri walipunguza unywaji na madhara yake katika kipindi cha miaka miwili. Lakini mapitio ya Cochrane ya mwaka 2016, yaliyokusanya tafiti nyingi za vijana, yalikuta faida ndogo mno kwa wastani. Mazungumzo hayawezi kubeba peke yake mzigo wa bei, matangazo na baa zilizopakana na lango la chuo. Ndiyo maana hatua kama ile ya Tanzania ya kupiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya vifuko vidogo, mwaka 2017 ina nafasi yake. Mtu aliyekwisha kuwa mraibu naye anahitaji tiba kamili, kwa kuwa kuacha ghafla bila uangalizi kunaweza kuhatarisha maisha yake.

Kwa hiyo kumwachia mwanafunzi uamuzi ni heshima pale tu masharti matatu yanapotimia: ameambiwa ukweli kuhusu hali yake, ana uwezo wa kuchagua, na mshauri yuko tayari kukutana naye tena baada ya uamuzi huo, uwe mzuri au mbaya. Likikosekana la kwanza, ameachwa gizani. Likikosekana la pili, anahitaji tiba. Na likikosekana la tatu, ametelekezwa kwa maneno ya upole.